Ziwa Tanganyika: sheria ianze kwenye chambo, si kwenye kalenda peke yake

Kila mwaka, mwezi wa tano unapokaribia, neno moja linazunguka kwenye fukwe za Uvira, Baraka, Kalemie na Moba: kufunga ziwa. Nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kwamba ziwa lipewe mapumziko ya miezi mitatu kwa mwaka ili samaki wazae. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Upande wa Congo mabishano ni yale yale. Wamama wauzaji wanauliza watalisha watoto na nini. Wavuvi wanauliza nani atawalipa. Viongozi wanajibu kwamba bila mapumziko, samaki watakwisha.

Kila upande una sababu yake. Lakini mazungumzo yote yanaishia kwenye tarehe: kufunga lini, kufungua lini, nani aachiliwe na nani akamatwe. Ni watu wachache wanaouliza jambo ambalo mzee yeyote wa mtumbwi analijua tangu utoto wake: samaki anayekufa usiku huu anachaguliwa na kile kilichomvuta. Anayetia taa anavuta samaki fulani. Anayefunga unyoya mweupe kwenye ndoano anavuta mwengine. Anayetia mnyoo anavuta mwengine tena. Na anayekokota chandarua cha mbu kando ya ziwa havuti samaki yeyote, anakusanya wote. Sheria inayowatia hawa wote katika mfuko mmoja haitaliokoa ziwa. Itawachosha watu tu.

Ziwa kubwa, chakula chembamba

Ziwa Tanganyika linadanganya macho. Lina urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika mita 1.470. Mtu akilitazama kutoka milima ya Fizi, anafikiri kwamba samaki wake hawawezi kwisha. Ukweli ni kwamba chini ya mita 200 hivi, na upande wa kaskazini hata kabla ya hapo, maji hayana tena hewa inayomtosha samaki. Samaki wote wanaolisha watu wa nchi nne wanaishi katika sehemu nyembamba ya juu. Yaliyobaki ni maji matupu.

Tena sehemu hiyo ya juu imeanza kuchoka. Tangu mwaka 2003 wanasayansi wameeleza kwamba ziwa limepata joto kuliko zamani, na kwamba maji ya chini, yenye mbolea inayolisha viumbe vidogo, hayapandi juu vizuri kama mbele. Viumbe vidogo vikipungua, ndagala wanapungua. Ndagala wakipungua, mikebuka wanapungua. Kwa hiyo si haki kumbebesha mvuvi lawama yote. Lakini mtu ambaye shamba lake limepunguza rutuba ana sababu zaidi ya kuchunga namna anavyovuna.

Ndoano inataka akili

Wengi mjini wanafikiri kwamba kuvua kwa ndoano, au kuloba kama wanavyosema watu wengi wa mashariki, ni kazi ya watoto na ya wazee wasio na nguvu ya kuvuta wavu. Wanakosea. Mtu wa ndoano anapaswa kujua samaki anakula nini, wapi, saa gani, na maji yako namna gani siku hiyo. Bila hiyo, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuseme mtu anatafuta mikebuka, yule samaki ambaye ng'ambo ya Bujumbura wanamwita mukeke. Mikebuka anakula ndagala, na ndagala ni samaki mdogo, mwembamba, anayeng'aa kama feza. Kwa hiyo mvuvi hana haja ya mnyoo. Anafunga kwenye ndoano unyoya mweupe wa kuku, au nyuzi chache zinazong'aa alizochambua kutoka kwenye gunia. Kwenye kamba moja anaweka ndoano kadhaa, jiwe au chuma chini, kisha anapandisha na kuteremsha mkono bila kuchoka. Unyoya ukisimama, umekufa, na mikebuka hana habari nao. Ukipanda na kushuka, unafanana na ndagala anayekimbia, na hapo samaki anaruka. Ukubwa una maana yake: chambo cha bandia kikizidi sana ukubwa wa ndagala, mikebuka mdogo hawezi kukiingiza mdomoni, na hapo ndoano yenyewe imeshamwachilia.

Rangi nayo inafuata maji. Mbali na mito, maji ya Tanganyika ni safi sana, samaki anaona kutoka mbali, na kipande cha bati kilichopindwa kama kijiko kinatosha kumvuta kikipata mwanga kidogo. Lakini karibu na mahali Ruzizi unapomwaga maji yake, hasa kiisha mvua, maji yanakuwa ya udongo. Hapo kung'aa hakusaidii kitu. Hapo ni ufalme wa kambale, ambaye anatafuta chakula kwa ndevu zake na kwa harufu kuliko kwa macho. Mvuvi anarudi kwenye chambo cha kweli: mnyoo, utumbo wa kuku, kipande cha samaki. Kwenye maziwa mengi ya kanda hii wako hata wanaotia kipande cha sabuni kwenye ndoano, kwani harufu yake inasafiri ndani ya maji.

Kuhe anataka ujuzi mwengine. Huyu ni wa jamaa moja na tilapia, na katika jamaa hiyo yote ulimwenguni ni mmoja wa wakubwa kabisa. Anaweza kupita nusu ya mita. Anawinda samaki wengine, na anashambulia kitu kinachopita mbele yake kwa mwendo. Mtumbwi unaopigwa kasia polepole, ukivuta kijiko cha bati nyuma yake, unaweza kumpata. Na kwenye mto Congo, anayemtafuta mbenga, samaki wa meno kama ya mbwa, anajua kwamba chambo kizuri bila waya mbele yake ni zawadi: mbenga atakata nailoni na kuondoka na kila kitu.

Maelezo haya yote yana maana moja. Kila uamuzi wa mvuvi wa ndoano, ukubwa, rangi, harufu, kina na saa, ni uamuzi juu ya samaki gani afe na gani abaki. Hakuna chombo kingine cha uvuvi ambacho kinampa mtu masikini nguvu ya kuchagua namna hiyo.

Taa pia ni chambo

Chambo kikubwa kuliko vyote kwenye Tanganyika hakina ndoano. Ni taa. Usiku usio na mwezi, ziwa mbele ya Uvira au Kalemie linafanana na mji mwengine. Kazi yake inajulikana: mwanga unakusanya viumbe vidogo, ndagala wanafuata viumbe hivyo, na mikebuka wanafuata ndagala. Kiisha hapo wavu uliowekwa chini unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unashindwa na wavuvi wengi wanapumzika. Hiyo ni sheria ambayo hakuna mtu aliyeiandika na wote wanaiheshimu.

Zamani taa zilikuwa za petroli, na beyi ya petroli ilikuwa inaweka mpaka. Mtu aliwasha taa alizoweza kulisha. Leo kuna taa za betri na za jua, nyepesi, zenye mwanga mkali, na mpaka huo umelegea. Si vibaya: petroli ilikuwa inakula feza ya mvuvi na kuchoma mikono yake. Lakini mwanga hauchagui. Pamoja na ndagala wanakuja watoto wa mikebuka na wa sangala, ambao kwa ukubwa wanalingana na ndagala wenyewe. Wavu wenye matundu madogo unawabeba wote. Kwenye meza ya muuzaji wanakauka pamoja, na mnunuzi hatofautishi.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa mbaya. Ndagala anaishi mwaka mmoja hivi na kuzaa haraka, kwa hiyo anaweza kuvumilia kuvuliwa sana. Mikebuka anakawia zaidi kufikia umri wa kuzaa, na sangala wakubwa wanakawia kuliko yeye. Historia imekwisha kulionyesha hilo. Tangu uvuvi wa nyavu kubwa za viwanda ulipoanza upande wa kaskazini wa ziwa katika miaka ya 1950, sangala wakubwa walipungua sana, na hawajarudi kama zamani. Mtoto wa mikebuka anayeuzwa leo kama ndagala ni samaki wa kilo ambaye hatauzwa kesho.

Chandarua hakina chambo

Na bado taa ni afadhali kuliko chandarua. Chandarua cha mbu kilitolewa ili mtoto asife kwa malaria. Kikishonwa na vingine viwili vitatu na kukokotwa kwenye maji ya kando, kinakuwa ufagio. Kando ndiko samaki wengi wanakozaa na watoto wao wanakojificha. Chandarua hakiulizi rangi, hakiulizi ukubwa, hakiulizi saa. Kinatoa hata mayai. Mtu anarudi na bakuli la samaki wasiofika urefu wa kidole, chakula cha mlo mmoja, na nyumbani kwake watoto wanalala bila kukingwa. Amepoteza mara mbili.

Sumu ni mbaya zaidi, kwani inaua hata kile ambacho mvuvi hatakiokota. Vyombo hivi vimekatazwa, na hakuna mtu kwenye ufuko anayeweza kusema hajui. Lakini marufuku bila njia nyingine ni maneno. Anayekokota chandarua mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hana mtumbwi, hana taa, na hakuna aliyemfundisha kufunga unyoya kwenye ndoano.

Wanaopinga wana sababu gani?

Kuna wale watakaosema kwamba ndoano haiwezi kulisha mji. Ni kweli. Mji kama Uvira au Kalemie unaishi kwa ndagala, na ndagala haanguki kwenye ndoano. Ni protini ya mwenye feza kidogo: anauzwa kwa kipimo kidogo, anakaushwa juani, anapanda hadi kwenye milima na kwenye machimbo. Mtu anayependekeza kuondoa taa zote kwenye ziwa anapendekeza njaa. Hakuna anayeomba hilo hapa. Kinachoombwa ni kutofautisha.

Wengine watasema kwamba ndoano nayo inaua vibaya. Na hilo ni kweli, na wapenzi wa ndoano hawapendi kulisikia. Kuhe ni mfano. Wakati wa kuzaa, baba na mama wanalinda watoto wao pamoja, maelfu ya vitoto vinavyotembea kama wingu mbele ya macho yao. Mzazi anayelinda anashambulia kila kitu kinachokaribia, hata kama hana njaa. Kijiko cha bati kikipita hapo, anakirukia. Mvuvi anafurahia samaki mkubwa, na nyuma yake wingu zima linabaki bila mlinzi. Katika saa chache wengine wamelimaliza. Samaki mmoja kwenye ndoano, maelfu chini ya maji. Kwa hiyo ujuzi wa chambo bila ujuzi wa msimu unaweza kuharibu kama wavu. Mvuvi mwenye akili akiona kuhe wawili wakizunguka mahali pamoja juu ya mchanga, anapiga kasia na kuendelea.

Tena wako watakaosema kwamba umasikini hauchagui. Aliye na njaa anavua anachokipata. Lakini tazama beyi. Unyoya wa kuku hauuzwi. Bati la mkebe wa tomate liko kwenye takataka. Ndoano chache na nailoni si bure, lakini si beyi ya wavu. Kinachokosekana si feza peke yake. Kinakosekana ujuzi, ambao zamani ulitoka kwa baba kwenda kwa mtoto ndani ya mtumbwi. Vita na kukimbia makwao vimeukata. Kijana aliyekulia kambini au aliyeteremka juzi kutoka kwenye milima ya juu anafika ufukweni bila mtu wa kumwonyesha. Chandarua hakitaki mwalimu. Ndiyo sababu kinashinda.

Kinachoweza kufanywa

Kwanza, kodi. Mtu wa kamba na ndoano anayerudi na samaki kumi asilipishwe sawa na mwenye mashua ya moteri na taa nyingi. Kwenye fukwe nyingi malalamiko ni yale yale: wanaodai ni wengi, karatasi ni chache, na mdogo ndiye anayebanwa kwanza kwani hana wa kumtetea. Kodi ikifuata nguvu ya chombo, mvuvi atakuwa na sababu ya kuchagua chombo kinachochagua samaki.

Pili, mapumziko ya ziwa. Miezi mitatu ina maana kwa taa na nyavu zinazobeba watoto wa samaki. Lakini wakati ziwa limefungwa, kamati za wavuvi, wataalamu na viongozi wa majimbo ya Kivu ya Kusini na Tanganyika wangekaa pamoja kujadili kama familia iliyo kando ya ziwa inaweza kuachiwa kamba moja, mchana, bila taa, kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Sehemu wanakozaa kuhe na wenzake zibaki zimefungwa kabisa. Kuna hatari ya udanganyifu, bila shaka. Lakini katazo ambalo mama hawezi kuliheshimu bila watoto wake kulala njaa linavunjwa usiku, na usiku huleta chandarua, si ndoano. Na kwa vile ziwa ni moja, jambo hilo lipelekwe mbele ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika huko Bujumbura, ili Congo isiende peke yake.

Tatu, soko. Wamama wauzaji wana nguvu kuliko askari wa majini. Wao ndio wanaoona kila asubuhi kilichotoka ziwani. Siku wanunuzi wakubwa watakapokataa bakuli la watoto wa mikebuka, au watakapolipa beyi nzuri zaidi kwa samaki mkubwa aliyevuliwa kwa kamba, mwenye wavu wa matundu madogo atapiga hesabu yake upya. Samaki wa ndoano, asipochelewa juani, anafika akiwa mzima, bila kupondwa na wenzake. Mnunuzi wa hoteli analijua hilo tayari.

Ine, ujuzi. Mashirika yanayogawa nyavu na mbegu kwa waliorudi makwao yangeweza pia kugawa ndoano, nailoni, na siku tatu na mzee wa mtumbwi. Shule za kando ya ziwa zinafundisha majina ya maziwa ya Ulaya. Mtoto wa Mboko au wa Moba akijua pia kwa nini mikebuka anafuata ndagala, na kwa nini kuhe anayelinda watoto haguswi, atakuwa amepata somo la sayansi na somo la uraia kwa saa moja.

Haya si mambo makubwa. Hayatarudisha sangala wa zamani, wala hayatapoza maji ya ziwa ambayo yamepata joto. Lakini yanaanza pale mvuvi mwenyewe anapoanza, kabla ya kusukuma mtumbwi: nitavuta samaki gani leo, na kwa kitu gani? Serkali inayotaka kuchunga ziwa ingefaa ijiulize swali hilo hilo kabla ya kutangaza tarehe nyingine ya kufunga. Sheria ikijua kutofautisha unyoya, taa na chandarua, mvuvi ataitambua kuwa ni sheria ya mtu anayejua ziwa. Isipojua, ataendelea kuingoja iishe, kama anavyongoja mwezi mpevu upite.